Jibu Lililoondoka na Nesi

Saa moja kasoro asubuhi, manesi wa zamu ya usiku wanafunga mikoba, wa mchana ndio kwanza wanaingia. Katikati yao mwanamke mwembamba amekaa kwenye kiti cha wagonjwa, kompyuta mapajani. Manesi humwita Fundi Waya, ingawa mfumo alioutengeneza hauna waya hata mmoja.

Anaandika programu inayopeleka ujumbe kati ya wodi na benki ya damu. Leo inapewa nafasi ya mwisho. Ikikwama, nesi mkuu ameapa kuing'oa, watu warudi kukimbia na vikaratasi.

Si kwamba nesi mkuu ana roho mbaya. Mwezi uliopita wodi iliomba damu ya mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Damu ikapatikana, jibu likatumwa upesi kwa simu ya nesi aliyeomba. Nesi wa watu zamu imekwisha, yuko kwenye basi, simu ndani ya mkoba! Mgonjwa alinusurika chupuchupu, baada ya mhudumu mmoja kuchoka kusubiri na kwenda kuulizia mwenyewe.

"Mfumo ulimjibu mtu," anasema Fundi Waya. "Mtu huenda nyumbani. Wodi haiendi popote."

Iliwahi kumbidi amweleze mama yake kazi hii, maana mama alimwona hali vizuri kwa mawazo.

"Mama, ukimwagiza jirani dawa, halafu ukatoka, unamwambiaje?"

"Aiache kwa baba yako, na aseme ni ya kifua. Baba yako asije akajipaka mgongoni, namjua."

"Basi ndiyo kazi yangu."

"Na wanakulipa?" Mama alicheka mpaka akakohoa.

Sasa kila ombi linabeba anwani ya kurudishia jibu, yaani wodi yenyewe, pamoja na habari zake: mgonjwa yupi, damu ya nini, kwa haraka gani. Benki ya damu ikijibu, vyote hivyo vinarudi na jibu kama vilivyokwenda.

Nesi wa usiku anatuma ombi, anaaga, anaondoka. Ombi si la mchezo: kitanda cha nne kuna mama anayesubiri kupasuliwa. Mhudumu amewekwa mlangoni, akimbie mambo yakiharibika. Nesi mkuu amekunja mikono.

"Haya, tuone."

Fundi Waya anang'ata kucha. Mara skrini ya wodi inalia, na nesi wa mchana, ambaye hakuomba chochote, anasoma kwa sauti: "Damu tayari. Kitanda cha nne, upasuaji, ifike kabla ya saa tatu." Anamgeukia mhudumu. "Nenda kaichukue, ni ya yule mama!"

Nesi mkuu anashusha pumzi. "Haya bibi, umeshinda. Uiweke na kwenye wodi ya wazazi."

"Naanza leo leo," anajibu Fundi Waya, tayari amesimama. "Dada yangu anajifungulia huko mwezi ujao. Akihitaji damu, sitaki uhai wake utegemee nani kashatoka zamu."