Salamu Kwanza, Mkanda Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa machinjioni. Matroni wa hospitali niliyoanzia pale Shinyanga, mwanamke mrefu asiyependa kurudia neno, aliniambia, "Minza, kaniletee moyo wa ng'ombe. Mzima, na mishipa yake isikatwe." Mimi nilikuwa nimeajiriwa kupiga deki wodini, nikadhani ni mboga yake. Niliporudi na beseni nilikuta wanafunzi wa uuguzi wameizunguka meza na daktari amekwisha kuvaa glovu.

"Moyo wa binadamu ni mdogo kuliko huu," alisema, "kama ngumi ya mwenyewe. Lakini umepangwa hivihivi."

Akaupasua. Kulikuwa na vyumba vinne. Viwili vya juu, vinavyoitwa atria, hupokea damu. Viwili vya chini, ventrikali, huisukuma. Upande wa kulia hupeleka mapafuni damu iliyokwisha kutumika, ikachukue hewa safi. Upande wa kushoto huipokea ikirudi na kuisukuma mwili mzima. Kati ya chumba cha juu na cha chini, na pale damu inapotokea moyoni, kuna valvu, vipande vyembamba vinavyofunguka upande mmoja tu, kama mlango wa zizi uliotengenezwa vizuri: ng'ombe akishapita harudi nyuma. Yale mapigo mawili unayoyasikia ukiweka sikio kifuani mwa mtu ni milango hiyo ikijifunga.

Daktari aliwataka wote washike kuta za ventrikali. Ya kushoto ilikuwa nene mno kuliko ya kulia. "Kwa nini?" akauliza. Mimi nilikuwa bado nimeshika beseni. Nikasema, "Kwa sababu inapeleka mbali."

Daktari akamgeukia Matroni. "Huyu ni mwanafunzi wako?"

"Huyu anapiga deki."

"Kwa sasa," daktari akasema.

Jioni Matroni alinipa moyo ule niwapelekee wadogo zangu. Walikuwa watatu. Baba alikuwa ametangulia zamani, na mama alimfuata mwezi uleule nilipochaguliwa kwenda sekondari, kwa hiyo sikwenda. Mdogo wetu wa mwisho, Mbula, alikula vipande viwili akauliza kama kesho nitatumwa tena.

Nilipiga deki miaka minne nikiwa nimefungua masikio. Matroni alinifundisha kutandika vitanda, kisha kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono. Hapo vidole vinagusa ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Ateri zina kuta nene zinazonyumbuka. Hugawanyika na kugawanyika mpaka zinakuwa kapilari, nyembamba kuliko unywele, na hapo ndipo damu huacha chakula na hewa na kuchukua taka. Kisha vena huirudisha moyoni polepole. Presha ni nguvu ya damu inapozisukuma kuta za ateri. Namba ya juu ni moyo ukikaza, ya chini ni moyo ukilegea. Alinifundisha na kipimo cha kusikiliza kwa masikio. Mgonjwa akikohoa tu, umeyapoteza mapigo, unaanza upya.

Kwa barua ya Matroni nilipata kazi ya uhudumu wa afya katika kituo kimoja upande wa Segese, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo, alikuwa mtu wa kalamu nyekundu: akikukuta na kosa, anakata jina lako. Mwaka huohuo tuliletewa kipimo kipya cha presha, cha betri: unafunga mkanda juu ya kiwiko, unabonyeza, unajijaza wenyewe na namba zinatokea. Hakikuhitaji masikio, nami nikasahau kunyamaza.

Wasukuma tunajuana kwa salamu. Usipomjibu mtu, umemtukana. Na mzee hapangi foleni. Kwa hiyo Mzee Shija, mfugaji aliyekuja kila mwezi kwa baiskeli kutoka kijiji cha mbali, alikuwa akiegemeza baiskeli ukutani tu, nami namwita mbele ya wote.

"Mwangaluka, mayu!" ataniamkia, yaani umeamkaje, mama.

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu! Watoto?"

Mkanda unajaa huku ananiuliza habari za Mbula, nami namuuliza habari za ng'ombe, naye anatweta bado kwa ule mlima wa mwisho. Namba zilitoka kubwa. Niliziandika kama zilivyo. Mganga Mfawidhi akaongeza dawa, na mwezi uliofuata akaongeza tena.

Kisha Mzee Shija akaletwa juu ya mkokoteni. Alikuwa amesimama lamboni akinywesha mifugo, akaona giza, akaanguka kwenye matope. Alilazwa, nikampima amelala kimya. Presha ilikuwa imeshuka mno.

Mganga Mfawidhi alimgeukia mke wa mzee. "Bibi, ulimpa vidonge mara mbili?"

"Kimoja asubuhi, mwanangu. Kama ulivyosema."

"Sema kweli! Dawa haiwezi kufanya hivi."

Yule mama alipiga magoti palepale wodini, mikono imekunjwa. Mimi nilikuwa nimeshika mkanda, na nilikwisha kuelewa. Mkataba wangu ulikuwa unaisha wiki ile. Mbula alikuwa kidato cha kwanza, na mshahara wangu ndio uliomweka huko. Nikinyamaza, lawama ingebaki kwa bibi, naye asingejua kujitetea.

"Mganga," nikasema, "si yeye. Ni mimi. Huwa nampima akishuka tu kwenye baiskeli, tena tunasalimiana."

Aliweka kalamu yake chini. Akavua koti, akatoka nje, akakizunguka kituo mara tatu mbio, akarudi akaketi. "Nipime. Na niulize habari za nyumbani." Nilimpima huku tunaongea. Kisha akakaa dakika tano bila neno, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani. Nikampima tena. Tukalinganisha vipimo vile viwili: cha pili kilikuwa kimeshuka sana.

Alimwinua bibi mwenyewe na kumwomba radhi. Dawa za mzee akazipunguza. Mimi nikabaki nimesimama, nikisubiri kalamu nyekundu.

"Ulikosea kwa adabu," akasema. "Nami nilikosea kwa haraka. Kesho uje na benchi. Watakaa hapo dakika tano, mzee na kijana. Wasalimie wanapofika. Mkanda ukishafungwa, hata mfalme asijibiwe."

"Na mkataba wangu, Mganga?"

"Benchi litasimamiwa na nani?"

Mzee Shija alikuwa wa kwanza kulikalia. Alinuna mwezi mmoja. Wa pili akawa anawakaripia wenzake: "Nyamazeni, mtaangushwa lamboni!"

Nilimalizia kazi Geita, kwenye kliniki ya watu wa machimboni. Wachimbaji walinicheka. "Mama Benchi, unatunyamazisha kama kanisani!" mmoja alisema. Nikamwambia, "Duarani, kule shimoni, pampu ikisumbua, huisikilizi kwanza?" Akakaa benchini. Wengi wao waligundua presha yao ya kweli hapo, wangali na nguvu.

Sasa nimestaafu, na wadogo zangu wote wana miji yao. Mbula ni mwalimu. Nami nina presha kidogo, naenda kliniki kila mwezi. Juzi nilimkuta muuguzi mgeni, binti mwenye uso mzuri. Nilikaa dakika zangu tano. Alifunga mkanda, akabonyeza, kisha akainama kwa heshima.

"Shikamoo, bibi."

Nikatazama ukutani. Mkanda ukajaa.

"Bibi, shikamoo. Umeamkaje?"

Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba wazee wa mjini wana maringo. Binti aliinamisha kichwa, kaona haya. Mkanda ukalegea polepole, kipimo kikalia, namba zikatokea, nzuri kabisa.

"Andika hizo," nikamwambia. Alipokwisha kuandika nikaushika mkono wake. "Marahaba, mwanangu. Marahaba sana. Sasa sogeza kiti, nikueleze habari za Mzee Shija."