Jina la Pangani na Sahani Iliyofunikwa

Siku yangu ya kwanza pale Pangani Hoteli, mjini Kasulu, mwaka 2012, sikukaribia sufuria hata moja. Mpishi Mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika sokoni, aliitikia salamu yangu ya Kiha, "Mwakeye", kwa mkato, akanitazama kuanzia kanga mpaka kandambili, kisha akanipa ungo wa maharage. Nilikuwa nimetoka Busunzu, mjane, tayari bibi wa mjukuu mmoja, na nilidhani mtu aliyelea watoto hana la kufundishwa kuhusu maharage. Nilipomaliza kuyachambua, akachovya mkono na kuibuka na kijiwe.

"Mama Adela," alisema, "nyumbani mtu akitafuna jiwe anakusamehe. Hapa anahamia kwa jirani."

Nawasimulia ninyi vijana mnaofungua vibanda vya chakula siku hizi na kushika simu kuliko mwiko. Kazi ile ilikuwa na taratibu zake. Mawese tuliyachemsha mpaka harufu ya ubichi itoke, ndipo kitunguu kiingie. Migebuka mikavu tuliiosha kwa maji ya moto mara moja tu. Ukizidisha, samaki anakuwa uji. Wali tuliupalia, yaani tuliweka makaa juu ya kifuniko ili uive juu na chini kwa pamoja. Wali wangu wa kwanza niliupalia mpaka ukawa ukoko mtupu. Mpishi Mkuu alinilazimisha kuula, naye akala pamoja nami huku akinicheka.

Utaratibu ulionishangaza ulikuwa wa mwenye hoteli. Sote tulimwita Tajiri, ingawa alivaa msuli uleule wiki nzima. Alikuja Kasulu kutoka pwani akiwa kijana, na hoteli aliipa jina la kwao, Pangani, ambako mama yake alikuwa akiuza chakula. Kila mchana sahani moja iliyojaa ilifunikwa na kuwekwa pembeni. Haikuuzwa, hata chakula kikiisha na mteja yuko mlangoni na pesa yake. Ilikuwa ya mtu atakayefika amechelewa na hana kitu. Asipotokea, jioni tuligawana sisi wafanyakazi.

"Tajiri, hii si hasara?" nilimwuliza siku moja.

"Mama yangu ndivyo alivyofanya," alijibu. "Anayetaka faida ya kila punje akauze misumari."

Mwaka 2014 maradhi ya sukari yalimwingia Tajiri miguuni, akafunga hoteli. Siku ya mwisho alisimamia bango likishushwa, akaamuru ligeuzwe, uso uelekee ukutani. Nililia, na sioni aibu kusema.

Binti yangu Adela alikuwa ameolewa Kibondo, nikahamia kwake. Tukaanza kukodisha masufuria, viti na turubai kwa harusi na misiba, na kupika pale tunapoombwa. Hatukuombwa. Nani atawakabidhi wageni wake kwa mwanamke asiyemjua? Watu walioijua Kasulu walilijua jina la Pangani, si langu. Viti vikashika vumbi. Nikapanda basi kwenda kumwona Tajiri.

"Shikamoo, Tajiri. Nimekuja kuomba jina la hoteli."

"Marahaba. La kufanyia nini?"

"Tunakodisha viti na masufuria."

"Jina lile ni la chakula cha mama yangu, Mama Adela. Mwenye njaa akisoma Pangani, akaingia, utampa kiti atafune? Hapana, mama. Uniwie radhi."

Nilirudi mikono mitupu, na bango sikuchora. Mwaka uliofuata kambi ya wakimbizi ya Nduta ikafunguliwa tena, Kibondo ikajaa magari ya misaada. Madereva waliowahi kula Kasulu walinitambua, wakaanza kuelekezana "kwa mama wa Pangani". Wengine walikuja, wakaketi kwenye viti vya kukodi, wakakunja mikono ya mashati na kuitisha maji ya kunawa! Adela alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini kupitia wao jina likasambaa mjini, na harusi zikaanza kuja. Habari zikafika Kasulu.

Mchana mmoja gari dogo lilisimama, akashuka Tajiri na mkongojo wake, uso umekunjamana. Shikamoo yangu hakuiitikia. Aliketi, akatazama ukuta.

"Nasikia kuna Pangani hapa."

"Sijaandika popote, Tajiri. Ni watu wanavyoniita."

"Nawe wakikuita, huitiki?"

Kweli nilikuwa naitika. Kulikuwa na wateja wa harusi pale pale, na akinikana mbele yao, tumekwisha.

"Basi," alisema kwa sauti ili wote wasikie, "Pangani ninayoijua mimi, mtu hafiki na njaa akaachwa. Mimi sijala tangu asubuhi."

Sisi tulikuwa tumekwisha kula. Niliingia ndani, nikatoka na sahani iliyofunikwa. Akaifunua: ugali wa muhogo, maharage ya mawese na kipande cha mgebuka. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Nani aliwaambia ninakuja?"

Adela akadakia. "Hakuna, babu. Mama huifunika kila siku. Nimemsema mpaka nimechoka, wakati sisi hapa hata chakula cha sahani hatuuzi!"

Tajiri alinawa, akala taratibu mpaka sahani ikawa nyeupe. Macho yalikuwa yamelowa. Alisingizia pilipili, na pilipili sikuwa nimetia.

"Tuma mtu Kasulu," alisema hatimaye. "Bango liko nyuma ya kabati langu. Walibebe polepole, rangi inabanduka."

Sasa nimestaafu. Magoti yamegoma, biashara ni ya Adela, na bango la Pangani liko ukutani kwake, limepakwa rangi upya. Sina kinyongo na maisha. Nilifundishwa kazi na watu wakali wenye roho nzuri. Kazi moja tu nilikataa kumwachia, nayo ni kufunika ile sahani.

Juzi homa ilinilaza kutwa nzima. Alasiri nikajikokota hadi jikoni, nikiwa tayari kugomba. Adela alikuwa nje anahesabu viti. Sahani ilikuwa pembeni, imefunikwa, bado ya moto. Nikarudi kulala.