Kibuyu cha Nyanya na Saa ya Praha

Mwaka jana kazi ilinipeleka Praha, mji wa kale kule Ulaya, na wenyeji wangu wakashikilia kwamba siondoki kabla ya kuonyeshwa vya kuonyeshwa. Mimi, rafiki yangu, si mtu wa kuamini vitu upesi. Chai waliyoniletea niliinusa kwanza, maana ilikuwa maji moto na kijifuko chenye uzi, na maziwa hayakuonekana popote. Daraja la mawe lenye sanamu za watakatifu nililivuka nimeubana mkoba kwapani. Kila aliyenichekea nilimtazama mara mbili. Nilikuzwa hivyo, na aliyenikuza utamjua sasa hivi.

Tukafika uwanjani, chini ya mnara wenye saa kubwa ya zamani. Watu walikuwa wamejazana, nyuso juu. Ilipotimia saa kamili, kiunzi cha mifupa ya mtu kilichosimama kando ya saa kikavuta kamba ya kengele. Vidirisha vikafunguka, mitume wa mbao wakapita mmoja mmoja wakituchungulia, na mwisho jogoo wa dhahabu akawika. Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakaenda zao kula. Mimi miguu ilikataa kuondoka. Nikasema kwa Kiswahili, katikati ya wageni wale, "Kumbe ilikuwa kweli!"

Kwetu ni upande wa Kapsoit, karibu na mji wa Kericho. Miaka ya tisini nilikuwa msichana mdogo wa kuchuma chai asubuhi kabla ya shule, umande ukinilowesha mpaka kiunoni, king'ora cha kiwanda kikilia ng'ambo ya bonde. Alasiri mvua ya mawe ilipiga mabati mpaka tukashindwa kusikizana. Jioni nilimsaidia nyanya kusafisha vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando. Tulichoma kijiti cha mti wa senetwet, tukasugua kaa lake ndani ya kibuyu, ndipo maziwa yakamiminwa humo yagande. Harufu ile ya moshi na uchachu bado naipenda kuliko manukato yoyote.

Nyanya, au gogo kwa lugha yetu, alishuku kila kitu. Dawa ya hospitali aliiacha mezani siku nzima aone kama itabadilika rangi. Jogoo akiwika saa za ovyo, alichinjwa siku hiyohiyo. "Mgeni akicheka sana," alikuwa akisema, "hesabu kuku wako." Na miaka ile shuku zilikuwa zimemwagwa nchi nzima. Kila mahali watu walinong'ona habari za waabudu shetani. Mwalimu alitukataza kupokea peremende njiani. Ukinenepa ghafla, watu waliuliza umekula nini, na kwa nani.

Basi wakati huo ndipo jirani yetu akaenda Praha. Alikuwa mkulima wa chai kama sisi, mwenye sauti nzito ajabu kanisani, na kwaya ya wilaya nzima ilipoalikwa ng'ambo, kutoka kijijini kwetu alichaguliwa yeye tu. Siku ya kurudi tulimngoja langoni kwake, kina mama wakiimba, nyanya mbele na kibuyu kilichopambwa shanga, mimi nimeshika kifuniko. Anayerudi kutoka mbali hupokewa kwa mursik. Akishakunywa amerudi kweli, ni wa kwenu tena. Na kwa nyanya kulikuwa na sharti moja: msafiri hunywa kwanza, ndipo husimulia.

Jirani, maskini, furaha ilimzidi. Alikuja na koti jipya, mashavu yamejaa, akaanza kusimulia kabla hajagusa maziwa.

"Gogo, huko nimeona maajabu! Kuna saa kubwa, mifupa ya mtu inapiga kengele, na jogoo ya dhahabu inawika mchana!"

Nyimbo zikanyamaza.

"Hiyo mifupa ni ya nani?" nyanya akauliza.

"Si ya mtu, gogo. Imechongwa tu. Ni mashini."

"Na watu wanafanya nini?"

"Wanapiga makofi."

"Wanapigia mifupa makofi."

Akatoa picha mfukoni ili aaminike, na hapo ndipo alipojimaliza. Mifupa ilikuwepo, wazi kabisa, imeshika kamba. Nyanya hakuigusa. Alichukua kifuniko mkononi mwangu, akakifunga kibuyu, tukarudi nyumbani na maziwa yetu. Niligeuka nikamwona amesimama na picha yake, koti limemkaa vizuri, hana mtu wa kumsalimia ila mke wake.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda polepole, bila kelele. Kwenye kituo cha kuuzia majani, wanawake walisogeza vikapu vyao mbali na cha mkewe. Kanisani aliambiwa apumzike kuimba, na nyimbo zikabaki bila sakafu. Sisi watoto tulikatazwa hata mahindi yao ya kuchoma, na nilikuwa nikiyapenda mno. Mwishowe waliuza shamba, wakahamia Siongiroi kulima mahindi mahali ambapo hakuna aliyejua habari za Praha.

Niliporudi Kenya nilikwenda nyumbani kwanza. Nyanya alishatutoka zamani. Senetwet iliyokuwa nyuma ya zizi ilikatwa, kwa jirani pamesimama mikaratusi mitupu, na mursik mjini Kericho siku hizi inauzwa kwa chupa za plastiki. King'ora nacho sikukisikia. Nilikitoa kile kibuyu cha shanga darini, nikatafuta senetwet kwa watu, nikasugua kaa na kugandisha maziwa kama nilivyofundishwa. Kisha nikakipeleka Siongiroi.

Nilimkuta mzee ameketi nje ya nyumba yake, mvi tupu, akipukuchua mahindi. Nikajitambulisha kwamba mimi ni mjukuu wa gogo wa Kapsoit. Mikono yake ikasimama.

"Mzee, nimetoka Praha. Nimeiona ile saa."

Akaliweka hindi chini.

"Mifupa bado inapiga kengele?"

"Bado inapiga."

"Na watu?"

"Wanapiga makofi, mzee. Hata mimi nilipiga."

Akacheka kwa ile sauti yake nzito, kisha akafuta macho kwa mkono wa shati. Nikafungua kibuyu, nikammiminia kikombe, nikampa kwa mikono miwili.

Alikipokea. Akanusa. Akazitazama zile shanga, akazitambua, akanitazama na mimi. Halafu akanirudishia.

"Onja wewe kwanza," akasema.

Sikumlaumu. Nilikunywa akiniangalia koo, nikameza, ndipo akanyoosha mkono.