Anafungulia maji nyumba zisizo na watu

Saa moja na nusu asubuhi, Bibi Funguo anaingia jikoni kwenye nyumba namba 27, ghorofa ya tatu, anafungulia bomba na kuyaacha maji yamwagike dakika tano nzima. Hakuna sufuria ya kuosha. Hakuna hata kijiko. Tangu jengo lizinduliwe miaka miwili iliyopita, hajawahi kulala mtu humu.

"Maji yakikaa kwenye bomba yanaleta kutu, na sinki linanuka," anasema huku akifuta vumbi dirishani. "Mwenye nyumba hataki mpangaji akija kuangalia akunje pua."

Mpangaji mwenyewe haji, kwa sababu kodi haishikiki. Hizi ndizo zile "nyumba za bei nafuu" ambazo serikali ilizitolea ardhi bure, ikakata utepe na kupiga picha. Ziko 64. Thelathini na nane ni tupu. Mtu mmoja anamiliki tisa.

Mfanya usafi huyu, mwenye umri wa miaka 46, alipewa jina la Bibi Funguo kwa sababu ya mtungo wa funguo kiunoni. Mlinzi wa getini hamwachi apite bila utani.

"Bibi Funguo, unafungua milango yote, wako lini?"

"Funga mdomo wako kwanza," anamjibu, bila kusimama.

Anaishi nyuma ya ukuta wa jengo hilo hilo, chumba kimoja na mama yake mzazi na binti zake wawili. Nusu ya ujira wake inaishia kwenye kodi. Bomba hakuna, maji wananunua kwa dumu.

"Huku namwaga, nikirudi mama ananiambia, 'Mwanangu, oga kidogo, tutapikia nini?' Jamani! Si bora nisingeyaona?"

Kinachomkereketa zaidi ni namba iliyo mlangoni. Nyumba namba 27 ilikuwa yake.

Aliomba kama wananchi wengine, droo ikachezeshwa, jina lake likatoka. "Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani nimeposwa uzeeni." Kisha karani akadai barua ya mwajiri, ndani ya siku thelathini. Akamwendea msimamizi wa kampuni yake ya usafi.

"Akaniambia mimi kibarua, na kibarua haandikiwi barua. Kibarua wa miaka minne! Nikamsihi, nikampigia magoti. Alikuwa anakula, hata hakuacha."

Siku zikaisha, jina likafutwa. Namba 27 akapewa bwana aliyekwisha kuwa na nane. Baadaye kampuni ikamhamishia hapa, amsafishie bwana huyo.

Ofisa wa mauzo wa nyumba hizi tuliyempigia alisema utaratibu ulifuatwa. Tulipomuuliza ni utaratibu gani unaompa mtu mmoja nyumba tisa za maskini, alikata simu.

Jumatatu yanafunguliwa maombi ya jengo la pili. Sharti ni lile lile. Bibi Funguo ameomba ruhusa ya nusu siku, amenyimwa. Atakwenda.

Anafunga bomba, anageuka kuchukua ndoo, na hapo tunaiona vizuri sare yake: jina la kampuni limechapwa mgongoni, kwa herufi kubwa za njano.

"Nitaivaa hii hii," anasema. "Wakiniuliza barua ya mwajiri, nitawageuzia mgongo wasome. Na siondoki mpaka wamalize."