Mama wa Kugawana

Tangu azaliwe, Mahaut hakuwahi kuwa mtu wake mwenyewe. Alianza kuwa binti wa Anseri, yule bwana mwenye korongo watatu kwenye ngao, nembo ya ukoo wake. Kabla hajavunja ungo akawa mke wa Gaucher. Gaucher akafa, na eda yenyewe haijaisha vizuri akakabidhiwa Érard, ambaye naye alikufa. Sasa kifua kilikuwa kinammaliza, na wanawe wawili, Milon wa Gaucher na Jocelin wa Érard, walikuja kumgombea angali anapumua.

Walichogombea ni kaburi lake. Damu ya Anseri ilikuwa bora kuliko ya waume wote wawili, na mwana ambaye angemlaza mama huyu ubavuni mwa baba yake, Gaucher au Érard, na korongo wale wakachongwa juu ya jiwe, angetamba nao mpaka kufa kwake.

Mwenyewe alikwisha kusema anakotaka kulala. Ni Vernay, kwenye kanisa dogo la wakulima, alikozikwa bintiye Perrine. Mtoto huyo alikufa kwa homa wakiwa safarini, hajaacha ziwa, na baba yake Érard hakushuka hata farasini, maana alichokuwa akingojea ni mtoto wa kiume. Mahaut alimwahidi marehemu kwamba atarudi walale pamoja.

Milon aliposikia hayo alicheka. Alisema bibi mkubwa hazikwi pamoja na watu wa jembe, watasemwa. Jocelin, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukubaliana na kaka yake hata juu ya mvua, siku hiyo aliitikia kwa kichwa. Kumnyima mama yao kuliwapatanisha upesi ajabu.

Wakaandaliwa bata bukini chumbani kwa mgonjwa, wakamaliza maneno hapo hapo, kwa desturi ya wakubwa wa huko ya kugawana maiti: mwili uende kwa Milon, moyo utiwe kwenye kasha la fedha uende kwa Jocelin. Wakapeana mikono kama watu waliouziana ng'ombe.

"Na matumbo?" Mahaut aliuliza.

Walishtuka. Walikwisha kusahau kwamba anasikia.

"Mama, tunakula," Milon alisema.

"Kuleni tu, wanangu. Mkishanipasua mtayatoa. Nani kati yenu anayataka?"

Jocelin aliitazama sahani yake. "Mama naye! Hayo huzikwa popote."

"Basi mimi popote pangu ni Vernay. Mlangoni, alipolala dada yenu."

Ndugu wakatazamana, kila mmoja akitafuta hasara iko wapi, wasiione. Milon akasema haya, hilo halina neno, akajivutia paja la bata.

Mahaut akageukia ukutani. Alilia kimya kimya, akamwomba Perrine radhi kwamba mama yake angekuja hivyo, kwa kile tu ambacho kaka zake wamekikataa.