Lango Lililobanwa na Zege

Dominiko alipofariki, mkewe Fausta alichukua kazi yake ya kufungua na kufunga lango la bwawa chini ya milima ya Vugiri. Mkonge wa shamba la zamani la pale uling'olewa siku nyingi, lakini ukuta wa zege uliojengwa enzi za wakoloni ulibaki, na wakulima wa mpunga waliishi kwa maji yake.

Mwanzoni lango lilimtii. Alizungusha usukani, chuma kikapanda, maji yakashuka mferejini. Kisha likaanza kuwa zito. Akapaka grisi, akasugua kutu, akapaka tena. Likazidi kuwa zito, hadi masika moja likakwama kabisa na maji yakafurika juu ya ukuta, yakalaza mpunga wa watu.

Kwenye kikao cha kamati ya maji, mwenyekiti Julius alisema bila kumtazama, "Hii kazi inataka mwanaume. Enzi za Dominiko hatukusikia habari hizi."

Maneno yale yalimchoma Fausta. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alianza kuyaamini.

Mzee Awadhi, ambaye jaruba lake la mpunga ndilo lililokuwa karibu zaidi, hakungoja kuombwa. Lango lilipokwamuliwa, kila zamu ya maji alipanda ukutani, akashika upande wa pili wa usukani. Fausta alipomwomba radhi kwa kumsumbua, alisema tu, "Sukuma, mama. Mpunga wangu una kiu."

Mwaka jana wataalamu wakaja kukagua mabwawa ya zamani. Mmoja wao alikuwa Husna, fundi wa maabara, mzaliwa wa Handeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Wakatoboa ukuta kwa mashine na kutoa vipande virefu vya mviringo, kama magogo madogo ya zege. Husna akavifunga nailoni upesi.

"Mbona unavifunika kama vichanga?" Fausta aliuliza.

"Visikauke, mama. Tutaviweka penye joto na unyevu, tupime kama vinarefuka."

Fausta akacheka. "Zege nalo linarefuka?"

"Mengine hurefuka."

Miezi mingi ikapita kabla Husna hajarudi na majibu. Alisimama mbele ya kamati akaeleza taratibu. Baadhi ya kokoto zilizotumika hazikupatana na saruji. Maji yakipenya, panatokea kitu kama mlenda, nacho kinanyonya maji na kuvimba. Ukuta mzima ulikuwa umetanuka kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka.

"Ukuta umelibana lango pande zote mbili," alisema. "Hata mngepanga wanaume kumi pale, lingekwama tu."

Fausta alitoka nje, akalia, khanga yake mdomoni. Julius alimfuata.

"Mama Fausta, siku ile nilikosea. Nisamehe."

"Yameisha, baba," alisema, na kweli alihisi yameisha.

Kabla ya vuli mafundi walikata mwanya mwembamba kwenye zege pembeni ya lango, wakaiweka sawa fremu ya lango. Fausta akashika usukani peke yake. Ukazunguka. Alimkumbatia Husna mbele ya watu wote, akamwombea dua kwa Mungu wa wote wawili. Husna alimwonya kuwa uvimbe haujakoma, na kwamba watarudi kila mwaka kupima.

"Rudini," Fausta alisema. "Nitawapikia."

Jioni ile alikwenda kwa Mzee Awadhi na mkungu wa ndizi kichwani.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kushukuru. Miaka yote ile hukuniuliza hata mara moja kwa nini nashindwa."

Mzee alimtazama kwa mshangao. "Ningeuliza nini, mama? Uzito si nilikuwa naushika na mimi?"

Fausta akautua mkungu. Mwantumu, mke wa mzee, akapokea ndizi, akaleta chai na mihogo, nao wakakaa wakizungumzia mbegu za msimu mpya.