Nilifungiwa Ofisini Lumuma kwa Sababu ya Grafu Moja

Wadau, mimi nimewahi kufungiwa kwa kufuli, saa nne asubuhi, kwenye ofisi ya kijiji. Aliyenifungia ni mzee ambaye dakika kumi nyuma nilimpa shikamoo, akaitikia vizuri tu.

Sikuiba. Sikuchukua mume wa mtu.

Nilichora grafu.

Naitwa Joha, mtoto wa Kilosa mjini. Ni injinia, na wakati huo nilikuwa kwenye mkataba wa majaribio katika kampuni moja ya ushauri. Bosi wangu alikuwa Injinia Jastin.

Tulipewa kazi ya lambo la Lumuma. Wakulima wa vitunguu walitaka maji ya kumwagilia, wafugaji walitaka maji ya ng'ombe. Lingejengwa tuta la udongo la kuzuia maji, na chini ya tuta kulikuwa na nyumba kumi na mbili.

Kazi yangu ilikuwa kujua tuta litahimili maji ya kina gani. Kuna programu ya kompyuta ya mambo hayo. Unaipa vina kadhaa vya maji, inapiga hesabu ya kimoja kimoja, halafu inakuchorea. Namba ya usalama ikiwa juu ya moja, tuta linasimama. Ikishuka chini ya moja, linaporomoka.

Sasa sikieni nilivyojichimbia kaburi.

Nyumbani kwetu bibi alitulea kuanza na mkubwa. Unasalimia kuanzia mkubwa, unapakua kuanzia mkubwa, ukikosea unakula kofi. Nikajaza zile namba hivyohivyo bila hata kufikiri: mita tano, nne, tatu, mbili, moja. Ofisini wote huanza na ndogo.

Hesabu zilipoisha, Jastin akasema, "Nitolee jibu la mwisho, ndiyo lambo likijaa."

Ile programu, usipoiambia ichore yote, inakuonesha jibu la mwisho peke yake. Nikatoa. Moja nukta tisa! Picha ya kijani safi. Nikaandika chini yake "lambo likijaa", nikatia sahihi yangu kwa mbwembwe.

Jibu la mwisho kwangu lilikuwa la mita moja.

Tuta likajengwa. Masika ikaja. Mimi nilikuwa Mikumi kwenye kazi nyingine ya mitaro. Siku moja mchana nikafungua lile faili la zamani ili niige mpangilio wa grafu. Safari hii nikaiambia programu ichore vina vyote kwenye mstari mmoja.

Mstari ukaporomoka. Mita tatu, moja nukta nne. Mita nne, ulikuwa umeshazama chini ya moja.

Nikarudia mara tatu, jibu lilelile.

Nikampigia Jastin. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Sahihi ni ya nani pale?"

"Yangu, bosi."

"Basi funga hilo faili, mama. Ukiongea umejimaliza mwenyewe."

Kwa siku mbili nilibanwa kama panya kwenye debe. Nikisema, nimekwisha. Nikinyamaza, kuna watu wanalala chini ya lile tuta. Mvua ikipiga bati, naamka kuhesabu mita.

Siku ya tatu simu ikaita. Ni mzee Ngassa, mfugaji mwenye asili ya Shinyanga, ndiye mwenyekiti wa kamati ya lambo.

"Binti yangu, maji yamefika mita tatu na nusu! Ng'ombe wanakunywa mpaka wanasahau kurudi. Mungu akubariki."

Ile shukrani ndiyo iliyonimaliza. Bora angenitukana. Nikashindwa kumwambia kwenye simu.

Kesho yake alfajiri nikapanda gari la Kilosa, nikamalizia na bodaboda kwenye matope mpaka Lumuma. Nikamkuta mzee ofisini. Nikamwamkia, nikatandaza karatasi mezani, nikamweleza bila kona.

"Mzee, nilikosea. Maji yakifika mita nne tuta linakwenda. Watu wa chini wahame sasa hivi. Na ile njia ya kutolea maji pembeni, kwenye ardhi ngumu, ichimbwe ishuke mpaka chini ya usawa wa mita tatu. Tuta lenyewe msiliguse."

Akapitisha kidole kwenye ule mstari wa grafu. Akauliza, "Kipimo asubuhi kilikuwa mita tatu na sentimita themanini. Tuna saa ngapi?"

"Mvua ikinyesha tena, sijui."

Akatoka. Nikasikia kufuli, kach.

Kisha nikasikia mwano, lile yowe la Wasukuma la kuita watu kwenye hatari. Likapokelewa huku, likapokelewa kule. Wanaume wakaanza kukusanyika. Kwenye nafasi ya dirisha niliona fimbo, fimbo tupu.

Wadau, niliogopa. Nilisoma dua zote ninazozijua na nyingine nikazichanganya.

Nje ya dirisha alikaa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa Marciana, mkwe wa mzee Ngassa. Nyumba yake, aliyokuwa ameshaihama, ilikuwa ya kwanza chini ya tuta.

"Dada, watanipiga?"

"Sijui. Mimi ningekupiga," akasema.

Mara simu ikaita. Jastin. Simu yangu ilikuwa mbovu, bila kuweka sauti ya nje sisikii kitu.

"Joha, nimesikia umeondoka Mikumi. Rudi! Waambie umechanganya mafaili."

"Bosi, huku maji yanakaribia mita nne."

"Unadhani wewe ndiye wa kwanza kuniambia? Niliiona hiyo kitu kabla hata hawajamwaga udongo. Tungeirudia ripoti, kazi wangepewa wengine. Nilijua maji hayatafika huko."

Miezi yote ile alijua. Kosa langu aliliona, akaliacha likae pale na jina langu juu yake.

Marciana alikuwa amesimama, uso umebana kwenye nondo za dirisha.

"Huyo ni nani?"

"Bosi wangu."

"Mwambie arudie hayo maneno."

Jastin akakata.

Nilikaa mle ndani mpaka saa kumi jioni. Vishindo vya miguu vilikuwa vimeenda upande wa lambo na havikurudi. Kufuli lilipofunguliwa, mzee Ngassa alikuwa matope mpaka kifuani.

"Samahani, binti yangu. Vijana walikuja na fimbo wakikuulizia. Nikawaambia nimekufungia, hukimbii popote, kwanza tuchimbe. Ukishika jembe kutwa nzima, hasira inaisha. Njoo usome kipimo."

Watu zaidi ya mia walikuwa kando ya ile njia ya maji, wakulima na wafugaji, wamechoka, wameketi. Nikasoma: mita mbili na sentimita tisini.

Nililia pale mbele ya watu, sikuona haya.

Nyumba kumi na mbili zimesimama mpaka leo.

Kwenye uchunguzi wa bodi ya wahandisi uliofuata, Jastin alinitupia mimi kila kitu. Nilikubali langu, maana lilikuwa langu. Kisha akaingia Marciana, amesafiri kutoka Lumuma na mtoto mgongoni, akayasema yale maneno ya simu neno kwa neno. Jastin alitafuta maji ya kunywa.

Yeye alifutiwa leseni. Mimi nilisimamishwa mwaka mmoja, na sikukata rufaa.

Mnaosoma hapa, najua wapo wenye jambo lao wamelifunga kwenye faili wanaomba Mungu maji yasifike. Semeni sasa, wakati bado linarekebishika kwa majembe. Mimi nilichelewa siku tatu tu, na sentimita ishirini ndizo zilizokuwa zimebaki kumfikia Marciana na mwanawe.